Umeshindwa kesi ya nyumba: ni lazima utoke kesho?

Tuchukue mfano wa mama mmoja pale Itebero. Ni mfano tu, usimtafute kwa majirani, lakini sisi watu wa machimbo tunamjua vizuri. Anauza mihogo, mafuta ya ngazi na sabuni kando ya barabara. Bwana yake alikwenda kuchimba. Mwanzoni alikuwa anatuma feza kila mwisho wa juma, kisha feza ikapungua, kisha ikakatika. Nyumba wanayokaa ni ya mbao, mabati juu, vyumba 2, dola 20 kwa mwezi. Sasa deni imefika miezi 6. Mwenye nyumba alivumilia, akachoka, akaenda kushitaki. Mama hakuwa na avoka. Tribinali ikakata kesi: mama alipe deni yote, na atoke ndani ya nyumba.

Asubuhi moja mjumbe wa tribinali, yule tunayemwita usie, anafika na karatasi ya Kifaransa. Nyuma yake kuna vijana 2 wa mwenye nyumba, mmoja amebeba nyundo.

— Mama, kesi imekwisha. Umeshindwa. Kesho mabati yanatoka.

— Papa, na watoto nitawapeleka wapi?

— Hiyo mimi sijui. Uliza juji.

Mama anaingia ndani, anaanza kufunga masufuria katika kitenge. Jirani anasema, «Karatasi ya serikali haibishiwi.» Mwingine anasema, «Enda kwa komanda, umpe kitu, atakusaidia.» Hakuna hata mmoja anayemwambia asome kwanza karatasi ile inasema nini, hasa mistari ya mwisho.

Basi tuisome pamoja naye.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatujui: katika inchi yetu ya Kongo, hukumu ya kesi ya madai iliyokatwa mara ya kwanza haitekelezwi hivi hivi kama aliyeshindwa amekata rufaa, ao apeli kama tunavyosema sisi. Rufaa yenyewe ni kama jiwe chini ya tairi la gari. Gari liko, dereva yuko, mafuta yapo, lakini haliendi mpaka tribinali ya juu iseme. Hivyo ndivyo inavyokuwa chini ya Code de procédure civile, dekreti ya tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka 1960. Angalia tarehe ile: miezi michache tu mbele ya uhuru. Serikali ngapi zimepita, feza imebadilishwa jina mara ngapi, na ile dekreti bado ndiyo inayofuatwa na majuji.

Lakini jiwe hilo linaweza kuondolewa. Ndiyo sababu nasema asome mistari ya mwisho. Huko juji anaweza kuwa ameandika maneno haya: exécution provisoire. Maana yake ni kwamba hukumu inatekelezwa mara moja, hata kama aliyeshindwa amekata rufaa. Mara nyingi wanaongeza nonobstant tout recours, yaani rufaa yoyote haizuii. Mtoto wako anayesoma Kifaransa shuleni, hata kama yuko darasa la sita tu, umwite akutafutie maneno hayo 2. Kama hayamo, usie hana ruhusa ya kukutoa wakati rufaa yako imekwisha pokelewa. Kama yamo, uko na njia nyingine, nitaisema chini, lakini siku zako ni chache sana.

Juji haandiki maneno hayo kwa kupenda tu. Ile dekreti, katika artikle 21, inasema wakati gani anapaswa kuyaandika hata pasipo kuombwa. Ni mara 3: kama kuna hati rasmi iliyotolewa na mkubwa wa serikali mwenye uwezo huo, kama aliyeshitakiwa alikwisha kukubali ahadi yake, ao kama kuna hukumu ya zamani ambayo haikukatiwa rufaa. Katika mambo mengine yote juji anaweza kuyaandika ao kuyaacha, lakini kwanza awasikilize watu wote 2 juu ya jambo hilo lenyewe, na anaweza kumwambia anayeshinda aweke dhamana.

Neno hilo la «ahadi iliyokubaliwa» linatugusa sana sisi wa machimbo. Namna gani? Mwenye nyumba anakuja jioni na daftari: «Mama, tia sahihi hapa tu, kwamba uko na deni yangu, tusigombane.» Mama anatia sahihi, ao kidole. Haoni hatari, maana deni ni kweli iko. Lakini kama katika daftari wameandika miezi 9 badala ya 6, ao wameongeza mstari kwamba anakubali kutoka kisha siku 15, siku ya kesi karatasi ile inafika mbele ya juji nayo inasema: yeye mwenyewe alikubali. Kukubali deni ya kweli si kosa, na mtu mwema anafanya hivyo. Lakini usomewe kwanza, na mtu asiye wa upande wa mwenye nyumba, na uhesabu miezi kwa vidole vyako.

Kuko mtego mwingine unaofanana na huo. Siku usie anapoleta hukumu, anaomba sahihi yako. Sahihi ya kuonyesha kwamba umepokea karatasi ni sawa, uitie, na uandike tarehe. Lakini kama anakuletea karatasi ya pili yenye kusema kwamba unaikubali hukumu, jua kwamba aliyekwisha ikubali hukumu hawezi tena kuikatia rufaa. Wanaiita acquiescement. Watu wengine wameitia sahihi kwa haraka, wakifikiri ni kupokea tu.

Sasa siku. Rufaa inakatwa ndani ya siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu hukumu ilipoletwa kwako na usie kwa njia ya haki, si tangu siku juji aliposoma. Kama kesi ilikatwa wakati wewe haukuwapo, njia ya kwanza si rufaa bali ni opposition, kumwambia juji yule yule: mimi sikusikilizwa, nisikilize. Hiyo ina siku 15 tu tangu karatasi ilipofika mkononi mwako. Kwetu hukumu za namna hiyo ni nyingi, maana mtu anaitwa kwenye kesi naye yuko ndani ya pori na mwendo wa siku 2 kwa miguu, na aliyepokea karatasi ya mwito ni mtoto wa jirani.

Siku 30 zinaonekana nyingi kwa mtu wa mjini. Kwa mtu wa Itebero ni kidogo. Barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu kupita Hombo mpaka kwetu na kuendelea Walikale, kila mtu anajua ni barabara ya namna gani wakati wa mvua. Na rufaa haipelekwi kwa juji aliyekata kesi. Inapelekwa kwenye grefe (ofisi ya karani) ya tribinali ya juu. Kesi iliyokatwa na Tribinali ya Amani, tribunal de paix, inapanda kwenye Tribunal de grande instance. Unakwenda wewe mwenyewe, ao unatuma mtu mwenye procuration spéciale, barua yenye kusema wazi kwamba unampa uwezo wa kukata rufaa juu ya hukumu fulani ya tarehe fulani. Kumtuma shemeji na maneno ya mdomo hakutoshi. Na lazima kuombwa kopi rasmi ya hukumu, expédition, kwenye tribinali ya kwanza, sababu pasipo kopi hiyo majuji wa juu wanaitupa rufaa hata hawajafungua kesi. Kopi ile inalipwa. Mtu maskini kabisa anaweza kuomba cheti cha umaskini kwenye ofisi ya mambo ya jamii, attestation d'indigence, ili aombe juji amwachilie malipo. Aanze kukitafuta siku ya kwanza, asingoje siku ya 28.

Juu ya mambo haya yote vita imekuja kuongeza uzito. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 M23 walichukua Goma, mji wenye Cour d'appel ya mkoa wetu, na kazi ya tribinali za serikali pale ikavurugika. Tarehe 19 mwezi wa 3 wakaingia Walikale-centre kwenyewe, wakaondoka mwanzo wa mwezi wa 4. Watu walikimbilia porini, na mafaili mengi hayana mwenyewe. Katika hali kama hiyo, uliza grefe ya tribinali iliyokata kesi yako: rufaa inapokelewa wapi sasa? Uombe jibu lililoandikwa, lenye tarehe na muhuri. Usiache siku zako zipite ukidhani kwamba vita inasimamisha kalenda ya tribinali.

Turudi kwa mama yetu. Tuseme mtoto amesoma karatasi na amekuta maneno yale 2. Exécution provisoire, ndiyo, iko pale, mstari wa nne kutoka chini. Je, afunge tu masufuria?

Bado. Anakata rufaa vilevile, na papo hapo anaomba tribinali ya juu kitu kinachoitwa défenses à exécuter, yaani katazo la kutekeleza. Anaeleza kwamba juji wa kwanza alitia utekelezaji wa haraka pasipo ruhusa ya sheria: hakukuwa hati rasmi, hakukuwa ahadi iliyokubaliwa, ao hakuwasikiliza juu ya jambo hilo. Tribinali inaweza kuita mwenye nyumba kwa muda mfupi na kusikiliza jambo hilo moja mbele ya kuingia katika kesi yenyewe. Ikikubali, nyundo inatulia. Ikikataa, mama anatoka, lakini kesi yake ya rufaa inaendelea. Na ikiwa mwisho wake anashinda, yule aliyeharakisha kumtoa atalazimika kulipa hasara, kwa sababu aliyetekeleza hukumu ambayo bado haijasimama imara, ametekeleza kwa hatari yake mwenyewe. Mwenye nyumba mwenye akili anafikiri mara 2 mbele ya kutuma vijana na nyundo.

Hapa nataka kuvuka mpaka kidogo. Vijana wetu wanaofanya biashara wanakwenda Kampala, wengine mpaka Nairobi, na wanaporudi wanasema, «Kule rufaa haizuii kitu.» Wanasema kweli, lakini ni kweli ya kule. Kenya, Uganda na Tanzania walipokea sheria yao kwa Waingereza, na kwao ni kinyume chetu: rufaa peke yake haisimamishi hukumu. Aliyeshindwa lazima aombe korti isimamishe utekelezaji, na korti ina uhuru wa kukubali ao kukataa. Kwa jumla anapaswa kuonyesha kwamba atapata hasara kubwa kama haikusimamishwa, kwamba hakuchelewa kuomba, na kwamba yuko tayari kuweka dhamana.

Na kesi ambayo maavoka wa Kenya wanaitaja kila siku katika jambo hilo ni kesi ya feza ya nyumba! Inaitwa Butt dhidi ya Rent Restriction Tribunal. Hiyo ya pili ilikuwa baraza la serikali lenye kusikiliza magomvi ya wapangaji na wenye nyumba. Imeandikwa katika kitabu cha hukumu za Kenya cha mwaka 1982. Majuji wa rufaa walisema mambo ambayo mtu wa kawaida anayaelewa mara moja. Walisema uwezo wa korti wa kusimamisha hukumu usitumiwe kwa namna ya kuzuia rufaa. Kama hakuna kizuizi kikubwa, utekelezaji usimamishwe, ili rufaa isije ikawa kazi ya bure siku aliyeshindwa atakapopewa haki yake. Walitazama kwamba feza ya nyumba iliyobishaniwa ilikuwa nyingi, na kwamba mwombaji alikuwa na haki ya rufaa pasipo shaka. Lakini walisema tena kwamba korti inaweza kumwambia aweke dhamana, na asipoiweka kama alivyoamriwa, ule usimamishaji unakufa wenyewe.

«Kazi ya bure» ndilo neno la kushika. Fikiri: nyumba ya mbao imebomolewa, mabati yameuzwa, mwenye nyumba amekwisha jenga butiki pale. Kisha miezi 8 tribinali ya juu inasema mama alikuwa na haki. Haki ya nini sasa? Nyumba haiko tena. Feza ikidaiwa inaweza kurudishwa, hata kama ni kwa shida. Lakini mwaka wa shule wa watoto waliohama mara 3, wateja waliozoea kununua mihogo kwenye kona ile, jirani aliyekuwa akimlindia mtoto mdogo, vitu hivyo tribinali gani itavirudisha? Kwa hiyo inchi zote, hata zilizopokea sheria kwa Wabeljiji, hata zilizopokea kwa Waingereza, zimejitafutia njia ya kungoja. Zinaachana tu juu ya nani anayepaswa kuomba. Kwetu, anayetaka haraka ndiye anayeomba. Kwao, anayetaka kungoja ndiye anayeomba.

Sasa niseme na mwenye nyumba, maana yeye pia ni msomaji wetu, na si kila mwenye nyumba ni tajiri. Machimboni wengi wao ni wajane, ao wazee ambao mtoto aliwajengea vyumba 2 kwa feza ya kasiterite, na ile dola 20 ndiyo chumvi na dawa ya mwezi. Mpangaji mwenye kukaa miezi na miezi pasipo kulipa, na kila akishindwa anakata rufaa tu ili ale muda, anamnyima mzee huyo mkate wake. Sheria imemfikiria yeye pia. Kama juji wa kwanza hakutia utekelezaji wa haraka wakati ilikuwa inaruhusiwa, mwenye nyumba anaweza kuomba tribinali ya juu iutie mbele ya kukata kesi yenyewe. Na rufaa ya hila, iliyokatwa kwa kusumbua tu, inaweza kumletea aliyeikata kulipa hasara juu ya deni yake.

Ndiyo sababu nasema kwa sauti: rufaa inasimamisha kufukuzwa, haisimamishi feza ya nyumba. Mwezi unaoanza kisha hukumu ni mwezi kama mingine. Mpangaji anayetaka tribinali imsikilize aendelee kulipa ile ya kila mwezi, na ya deni apunguze kidogo kidogo, hata dola 5. Kama mwenye nyumba anakataa kuipokea, kwa hofu ya kuonekana amekubali akae, ampelekee mbele ya mashahidi 2, mzee wa kanisa na sefu wa kijiji kwa mfano, na iandikwe kwamba alikataa. Mpangaji anayekuja mbele ya juji wa rufaa na risiti za miezi 4 anasikilizwa kwa sikio lingine kuliko yule anayekuja na machozi peke yake.

Nimesema sefu wa kijiji. Kuna watu wanaouliza kama karatasi ya sefu, ya nyumbakumi, ao ya mkubwa wa shimo inatosha kumtoa mtu. Haitoshi. Sefu anaweza kupatanisha, na mara nyingi anapatanisha vizuri kuliko tribinali, lakini hawezi kufukuza. Na askari aliyelipwa mafuta ya pikipiki kuja kutisha watu usiku, yeye si usie hata kidogo.

Kupatanisha huko, hata sheria inakutaka. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, ile ya nyumba za kupanga zisizo za biashara, inapenda ugomvi upitie kwanza kwenye ofisi ya makao, service de l'habitat, ili watu wapatane mbele ya kwenda tribinali. Sheria hiyo hiyo inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Mimi nimeona kwa macho yangu watu wakidaiwa garanti ya miezi 6 na 10, na kila mtu anaona ni desturi. Sasa tazama: mama wetu kama alitoa garanti ya miezi 6 alipoingia, na leo anadaiwa miezi 6, hesabu iko namna gani? Hakuna aliyeiuliza mbele ya juji wa kwanza. Hilo ni jambo la kwanza la kuandika katika rufaa yake, mbele ya machozi yoyote.

Na kwa nini deni zetu zinakuwa za miezi mingi kwa mara moja? Si uvivu wa watu, ingawa wavivu wako. Kwetu feza inakuja na kukatika kama mvua. Mwezi wa 9 mwaka 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na watu walikaa hivyo mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Mwezi wa 3 mwaka 2025 Alphamin, kampuni ya kasiterite ya Bisie, ikasimamisha kazi sababu ya vita kukaribia, ikaanza tena mwezi uliofuata. Kila mara feza inaposimama, nyumba zinaendelea kuhesabu miezi. Mpangaji wa machimbo hafanani na karani wa mjini mwenye mshahara. Mapatano ya nyumba kwetu yangepaswa kusema tangu mwanzo, kwa kuandikwa, tutafanya namna gani shimo likifungwa. Karibu hakuna anayeandika. Tunapeana mkono, tunahesabu garanti, tunaingiza godoro.

Kijana mmoja aliniuliza kisha ibada: «Na kama wamekwisha kunitoa, rufaa ina faida gani?» Ina faida, kama siku 30 hazijapita. Deni inaweza kupunguzwa, garanti inaweza kurudishwa, na kama ulitolewa kwa njia isiyo ya haki unaweza kuomba hasara. Lakini uwe na orodha ya vitu vilivyoharibika, iliyoandikwa siku ile ile na majina ya waliokuwapo. Kisha juma 2 hakuna anayekumbuka kama kitanda kilikuwa na miguu 4 ao 3.

Mama wetu yeye hajafika huko. Amefungua tena kitenge, amerudisha masufuria pahali pake. Mtoto mkubwa anaandika barua ya procuration, maana mjomba wao anapanda Walikale siku ya pili na pikipiki ya mzigo. Juu ya meza kuna kopo la maziwa ya unga, ndani yake risiti 11, moja imeliwa na panya pembeni lakini tarehe inaonekana. Mama anazipanga kwa mwezi. Anamwambia mtoto aandike pia siku usie alipofika, na saa.